Bukoba Sabini na Mbili

Mama aliuliza swali moja tu
siku Kulwa alipotuonyesha tiketi:
hiyo Winipegi ni Bukoba ngapi?

Maana kwake umbali ni meli ya usiku.
Unapanda hapa Mwanza saa tatu,
unalala vibaya, kichwa juu ya kiroba cha dagaa,
unaamka Kemondo na shingo imepinda.
Hiyo ndiyo Bukoba moja.
Nansio ni theluthi yake.
Safari nyingine hazijui.

Mimi fundi cherehani, pale Makoroboi,
nikajibu kwa ninachokijua.
Nikaazima tufe la dunia kwa mwalimu mmoja wa Nyakato,
limebonyea upande wa Australia,
nikachomeka pini Mwanza
(haikuandikwa; nilikisia, ukingoni mwa lile doa la buluu)
nikavuta uzi mweusi.
Uzi ukapanda Sahara, ukakanyaga Hispania,
ukavuka Atlantiki bila kupumzika,
ukatua kwenye theluji.
Nikaupima kwa tepu, nikazidisha, nikagawanya
nyuma ya risiti ya vifungo:
kilomita elfu kumi na tatu, kasoro kidogo.
Bukoba sabini na mbili.

Mama akanyamaza.
Basi, akasema, shingo yake itapinda sana.

Ila ndege haifuati uzi.
Ilimshusha Dar, ikampeleka Addis, ikamrusha Toronto,
saa thelathini na moja mlango kwa mlango,
na kumi na mbili kati ya hizo alikuwa amekaa tu
kwenye viti vya chuma, halali, haendi,
analinda begi.
Hizo nazo niziandike kwenye umbali gani?

Na tiketi yenyewe haikujua Kiswahili.
Iliandika tisa na nusu, tukapanga pilau ya mchana ya kumuaga,
kumbe ni saa tatu na nusu asubuhi.
Jirani ndiye aliyegundua, jua limeshatoka.
Kulwa aliondoka na maji ya kuoga yakichuruzika shingoni.
Pilau tuliila bila yeye.

Sasa sikia linaloniudhi.

Kulwa alinitangulia duniani kwa dakika ishirini.
Dakika hizo amezitumia miaka thelathini na tisa:
kukaa dirishani, kuoga kwanza, kunituma chumvi,
"Doto, mheshimu mkubwa wako."
Januari hii, saa sita usiku ilipogonga,
nilifikisha arobaini peke yangu.
Kwake ilikuwa saa tisa alasiri, jana yake,
bado ana thelathini na tisa,
anatoa shuka za wagonjwa kwenye mashine.
Nikampigia. Nikamwambia: shikamoo yangu iko wapi?
Akacheka mpaka picha ikaganda,
mdomo wazi, mwanya wetu uleule.
Nikavua tepu shingoni nikampima kwenye kioo cha simu:
sentimita saba, kidevu hadi kofia.

Alipokata ndipo nikahesabu kwa vidole.
Saa tisa kati yetu.
Na meli ikiondoka saa tatu usiku
inafika saa kumi na mbili alfajiri.

Nilimwambia mama asubuhi, anachambua mchele.
Hakuinua macho.
"Kwa hiyo si sabini na mbili. Ni moja."

Sivyo, mama, nikaanza, zile ni saa, hizi ni kilomita,
huwezi kuchanganya...
Akaniuliza kama koti la Kulwa limekwisha.

Bado. Mkono wa kushoto bado.
Anasema huko huvaa sweta mbili ndani yake,
niongeze upana,
na vipimo vyake nilivyo navyo daftarini
nilivichukua hapahapa, mwezi wa joto,
amevaa kanga.